Hodi Tatu Zatosha, Lakini Mwenyeji Naye Aitike

Mswahili humfunza mwanawe mapema kupiga hodi, na humfunza mpaka wake: mara tatu, kisha usipoitikiwa rudi zako. Adabu hii yatokana na mafunzo ya Mtume, na Sura ya Nur nayo yatuamrisha kurudi tukiambiwa turudi.

Wakuu wa ofisi walalamika kwamba waombaji kazi wa leo hawaujui mpaka huo. Kijana aleta barua Jumatatu. Jumanne apiga simu. Jumatano yu langoni akimbembeleza bawabu. Ijumaa saa tano za usiku ujumbe waingia katika simu ya meneja. Jumapili mjomba ametumwa nyumbani kwake.

Kijana huyo aambiwe ukweli. Kuuliza ni haki yake, kusumbua si haki. Kukumbusha mara moja, kwa anwani iliyotajwa, si kosa. Lakini kumfuata mtu kwake au kutuma jamaa ni kutafuta upendeleo, na matangazo mengi ya kazi nchini huonya kwamba mwenye kufanya hivyo jina lake litaondolewa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 232, yataka ajira katika utumishi wa umma itokane na ushindani wa haki na ustahili. Apewaye kazi kwa kuwa amewachosha watu amemdhulumu mwenzake aliyekaa Kwale au Lamu akingoja kwa adabu.

Hata hivyo, mizani ina vitanga viwili. Matangazo hayo hayo humalizia kwa kusema kwamba watakaojibiwa ni wale tu walioteuliwa kwa mahojiano. Waliosalia huachwa gizani. Hawajui kama barua zilifika, wala kama nafasi imekwisha kujazwa. Nao wametoa nakala za vyeti, wamelipa nauli, na pengine wamelipia cheti cha maadili mema. Isitoshe, wamewaona wengine wakiingia kwa kujulikana. Atatulia nani?

Nyumba ya mtu ni stara yake. Akitaka kunyamaza na anyamaze. Ofisi iliyotangaza nafasi ni nyingine: imewaalika wageni yenyewe, na mwalika wageni hana budi kuwaitika.

Basi mwajiri na afanye haya. Kwanza, aandike katika tangazo siku ambayo majibu yatatoka, na aitimize. Pili, amweke karani mmoja wa kujibu maswali, na jibu liwe moja kwa wote. Tatu, asiyefaulu aambiwe hakufaulu. Kumwambia "tutakuita" mtu usiyekusudia kumwita ni uongo, hata ukisemwa kwa upole. Na siku hizi barua pepe moja huwafikia watu mia kwa dakika chache, hivyo kisingizio cha kukosa wakati hakina uzito. Nne, anayezidi kusumbua aandikiwe kwamba ombi lake litapimwa kama mengine, na kwamba simu zake hazitaongeza wala kupunguza kitu. Akiendelea, asijibiwe tena. Lakini asifokewe mbele ya watu, kwani Sura ya Dhuha yatukataza kumkaripia mwenye kuomba.

Wengi hudhani kwamba kumwambia mtu "hapana" ni ukatili. Ukatili ni kumweka akingoja miezi. Aambiwaye "hapana" mapema hupata wasaa wa kwenda kupiga hodi mlango mwingine.