Mafuta ya Damu si Adui Daima

Wakenya wengi wakisikia neno kolesteroli, au lehemu kama wasemavyo baadhi ya wataalamu, hulifasiri papo hapo kuwa mafuta mabaya. Fasiri hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kumponza mtoto.

Aprili 2020, madaktari wa Uingereza walitahadharisha kuhusu watoto waliopatwa na mchochota wa viungo vingi, moyo ukiwemo, majuma machache baada ya kuambukizwa virusi vya korona. Mei mwaka uo huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya kuutambua ugonjwa huo: homa ya siku 3 au zaidi, pamoja na dalili kama vile vipele, macho mekundu, kutapika na kuhara.

Mchochota mkali hushusha kolesteroli katika damu, hasa ile iitwayo nzuri, ambayo huyarejesha mafuta kwenye ini na kusaidia kuutuliza mchochota wenyewe. Mzazi aliyezoeshwa kuamini kwamba kupungua ni heri aweza kuifurahia karatasi ya maabara ilhali mwanawe yu hatarini.

Lawama haimwangukii mzazi huyo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi na kitumike kikamilifu hospitalini. Daktari aeleze ni mafuta yapi yaliyopungua, na kwa nini. Wanaisimu nao waketi na matabibu, wasawazishe istilahi hizi kabla homa nyingine haijabisha hodi.