Wanafunzi Wetu Wawasaidie Waomba Hifadhi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hukaririwa kila mwaka madarasani, na mtahiniwa asiyeweza kuieleza hupoteza alama. Lakini ni wangapi kati yetu walimu ambao tumewafunza wanafunzi jinsi ya kumpokea mgeni asiye na karatasi wala jamaa, ambaye uhai wake unategemea maneno atakayomwambia afisa aliye nyuma ya meza?

Nauliza hivi kwa sababu niliwahi kuitwa nisaidie kufasiri maelezo ya mama mmoja aliyetoroka vita mashariki mwa Kongo. Katika maelezo ya kwanza, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, alinukuliwa akisema kwamba baba yake aliuawa. Katika mahojiano ya pili alisema baba yake yu hai, na kwamba ndiye aliyemvusha mpaka. Afisa aliona uongo. Aliyeuawa, kumbe, alikuwa baba yake mdogo, naye mama yule alimwita baba kama tunavyowaita sisi sote ndugu za baba zetu. Mkalimani mwenye haraka alilipokea neno hilo moja bila kuuliza, na nusura limrudishe mama wa watu mikononi mwa wale aliowakimbia.

Aliyeligundua kosa hilo ni msichana wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, aliyekuwa akisomea sheria na kufanya mafunzo yake ya nyanjani. Aliyaweka maelezo yote mawili kando kwa kando, akayasoma pole pole, kisha akauliza kwa heshima: "Mama, baba unayemtaja hapa ni yupi?" Kwa swali hilo, maelezo yakarekebishwa kabla ya uamuzi kutolewa.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka wa 1966. Chini ya mkataba huo, mwomba hifadhi hana budi kuonyesha kwamba anaogopa kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini, uraia, kundi la kijamii alimo, au maoni yake ya kisiasa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka ajitokeze mbele ya afisa katika muda wa siku 30 tangu aingie nchini. Akikataliwa, anaweza kukata rufaa mbele ya kamati maalumu, na hatimaye katika Mahakama Kuu. Njia ipo. Lakini njia isiyo na wa kukuongoza ni sawa na msitu, hasa kwa mtu ambaye mara nyingi hana ushahidi wowote ila simulizi yake mwenyewe.

Sisemi kwamba mwanafunzi asimame mahakamani, kwani hiyo ni kazi ya wakili. Nasema anaweza kusikiliza, kupanga matukio kwa tarehe zake, kutafuta habari za kuaminika kuhusu nchi alikotoka mhusika, kukagua fomu, na kumkumbusha siku ya mahojiano. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, na inavitambua vyuo vikuu vinavyoendesha kliniki za sheria, mradi viwe vimeidhinishwa.

Wapo watakaoniambia kwamba Wakenya wengi nao hawana mawakili, na kwamba tuanze na wa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwanafunzi aliyejifunza kuchukua maelezo ya mwomba hifadhi bila kuyapotosha, kesho atamsaidia vivyo hivyo mjane wa kijijini anayenyang'anywa shamba. Isitoshe, mwenyeji akishindwa kesi bado yumo katika nchi yake, ilhali mwomba hifadhi akishindwa huenda akarudishwa kwenye kifo.

Zipo hatari pia, na si haki kuzificha. Mwanafunzi mwenye huruma nyingi anaweza kushawishika kuipamba simulizi ili ipendeze. Akifanya hivyo, ameiharibu kesi aliyotaka kuiokoa. Mwingine anaweza kuyatoa mabwenini mambo aliyoyasikia kwa siri. Lakini hatari ninayoiogopa zaidi ni kwamba muhula huisha na kesi haiishi. Kijana hufunga daftari lake baada ya miezi mitatu, akaenda zake, na mama wa watu akaanza upya kumsimulia mgeni mwingine jinsi wanawe walivyouawa. Huo ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Kwa hivyo, nina maombi matatu kwa wakuu wa vyuo vyetu. Kwanza, kila mwanafunzi awe chini ya wakili anayewajibika, na akabidhi faili kwa maandishi kabla ya kuondoka. Pili, wa sheria na wa Kiswahili waende wawili wawili, maana Kiswahili cha Bukavu si cha Nairobi, na sheria isiyoelewa lugha ya mshtaki ni kiziwi. Tatu, saa hizo zihesabiwe katika alama zao, na nauli ilipwe, ili kazi hii isiwe ya watoto wa matajiri pekee.

Nasi walimu wa shule za upili tuna sehemu yetu. Tunawazoeza vijana kujibu upesi, ilhali ni mara chache tunawatuza kwa kuuliza vizuri. Yule msichana hakuwa na digrii siku ile. Alikuwa na subira na swali moja. Tukiwalea wengi wa aina yake, mgeni atapona, nasi wenyeji tutapona pamoja naye.