Ghala Limejaa, Mboga Ziko Wapi?

Mwezi Oktoba hapa Majengo, Songea, una sura yake. Baridi ya Juni na Julai, ile inayowafanya wazee waote jua mpaka saa nne asubuhi, imekwisha. Jua sasa ni kali, ardhi imekauka kama tofali, na mvua za kwanza hazitazamiwi kabla ya mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba. Mahindi yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa, yametiwa dawa na kufungwa katika magunia. Malori yaliyosheheni hupeleka ziada kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mgeni akipita kwetu mwezi huu husema: hawa watu wameshiba.

Na tumeshiba kweli. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya kile kinachokaa kando ya ugali, maana ni katika miezi hii ya joto kabla ya mvua ambapo mboga za majani huadimika na bei yake hupanda, na sahani nyingi za mji wetu hubaki na rangi moja tu.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tukimlea mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Ndani mlikuwa na magunia tisa ya mahindi. Mtoto alikunywa uji asubuhi, akala ugali mchana, akala ugali usiku, na tumbo lake lilikuwa la mviringo. Mimi babu yake nilikuwa nikilitazama tumbo lile kwa fahari. Siku moja mke wangu akampeleka kliniki. Alirudi na kadi pamoja na maneno ya muuguzi: uzito si mbaya sana, lakini kimo kiko chini ya kile kinachostahili umri wake. Nikabisha. Nikasema kwamba katika ukoo wetu watu ni wafupi tangu zamani. Mke wangu, ambaye hana desturi ya kubishana nami, akaniuliza swali moja tu: "Mzee wangu, mara ya mwisho mtoto huyu kula mboga za majani ilikuwa lini?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tukila maharage, mara moja moja dagaa wa Ziwa Nyasa, na siku nyingi mchuzi mwepesi wa nyanya mbili na kitunguu.

Aibu hiyo si ya nyumba yangu peke yake. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa mkoa wetu wa Ruvuma walio chini ya umri wa miaka 5, zaidi ya 35 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa pungufu kwa umri wao. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Wenzetu wa Iringa, Njombe na Rukwa, ambao pamoja nasi ndio wanaosifiwa kwa kuilisha nchi, walikuwa na hali mbaya kuliko sisi. Wataalamu hawadai kuwa dawa ni mboga peke yake, nami sitaki kumdanganya mtu. Yamo maradhi ya kuhara, imo afya ya mama tangu ujauzito, upo uhaba wa mayai, maziwa na samaki, na zimo kazi za shamba zinazomnyima mama nafasi ya kumlisha mtoto mara kwa mara. Mchicha hauwezi kuyabeba hayo yote. Lakini katika hayo yote, bustani ndiyo ambayo mwenye nyumba anaweza kuianza kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Majengo, ina uani mdogo: upande huu jiko, upande ule bafu na choo, katikati kamba za nguo. Mahali palipobaki ni kati ya jiko na ukuta wa jirani, mita 6 kwa 3 hivi. Nilipopapima nilijicheka, maana mimi ni zao la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974, ukame ulipoiandama nchi na tukaambiwa kuwa kilimo sasa ni cha kufa na kupona, sisi wanafunzi tulipiga matuta hata pembeni mwa uwanja wa mpira. Nikaja kuzeeka nimesahau kupiga tuta mlangoni pangu.

Nilipiga matuta matatu, kila moja na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Kwa kiangazi yafaa tuta lisiinuliwe juu. Lishushwe kidogo chini ya usawa wa ardhi, na kingo zake ziinuliwe, ili maji yakae pale yalipomwagwa. Wengi wetu huiga matuta ya masika, yaliyoinuka kwa ajili ya kutoa maji, kisha tunashangaa bustani inavyonyauka ilhali tumemwagilia.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza. Nilipata samadi ya kuku kwa jirani, mbichi kabisa, nikaimwaga debe baada ya debe nikijisifu kwa ukarimu. Miche ya chainizi niliyoipandikiza iliungua kwa muda wa siku nne, majani yakawa kama yaliyopitishwa motoni. Samadi ya kuku ni kali. Hapana budi irundikwe, ilowanishwe, ifunikwe na kugeuzwa kwa wiki kadhaa mpaka ipoe na ipoteze harufu. Ya ng'ombe au mbuzi ni pole zaidi, lakini nayo yataka kuiva. Siku hizi natia debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mita 1 ya mraba, naichanganya na udongo, kisha naacha wiki nzima kabla ya kupanda.

Kosa la pili lilikuwa la mbegu. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga, na mkono wa mtu mzima huimwaga kwa wingi mno. Ichanganye na mchanga mkavu, uisie katika mistari iliyoachana sentimita 20, uifukie kwa udongo mwepesi tu, kisha utandaze nyasi kavu juu. Ikianza kuchomoza, baada ya siku nne au tano, ondoa nyasi zile jioni, si mchana, ili jua lisiiue. Ikifika wiki ya tatu utaanza kupunguza iliyosongamana, na hiyo unayopunguza ndiyo mavuno yako ya kwanza. Ile inayobaki usiing'oe. Ikate kwa kisu, uache shina lenye vifundo viwili au vitatu, nayo itachipua tena. Nasisitiza jambo hili kwa sababu sokoni tumezoea mchicha wenye mizizi, tukadhani ndivyo unavyovunwa. Yule muuzaji anataka nafasi kwenye tuta apande tena. Wewe unataka mboga ya kesho.

Chainizi na sukuma wiki huanzia kitaluni na kupandikizwa jioni miche ikiwa na majani manne au matano. Huvunwa kwa kukwanyua majani ya chini na ya nje, na kuacha moyo wa mmea. Mashina kumi ya sukuma wiki yaliyotunzwa hutulisha sisi watu watano mara mbili kwa wiki. Kama huna subira ya mbegu, panda matembele. Omba kwa jirani vipande vya marando, chimbia pale yanapomwagika maji ya bafuni, na baada ya wiki tano au sita utakuwa unachuma ncha laini. Sijaona mboga nyingine inayosamehe uvivu wa mtu kiasi hicho.

Maji ndiyo shida kuu ya Oktoba, na hapa ndipo bustani nyingi hufa. Kwetu maji ya kusuuzia nguo, ya kunawia mikono na ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi tena njiani. Maji yenye sabuni kidogo yaende kwenye mashina, kamwe yasimwagwe juu ya majani, na yale yenye dawa ya kung'arishia nguo au mafuta mengi yasiingie bustanini kabisa. Mwagilia alfajiri au jioni, kwa wingi na mpaka chini, kuliko kunyunyizia kidogo kidogo wakati wa jua. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya mahindi, ambayo mwezi huu yamejaa mji mzima.

Juu ya nyanya nina maneno machache, nayo si ya furaha. Nyanya za kuvunwa Oktoba hutiwa kitaluni Juni. Atakayepandikiza sasa, matunda yake yatakutana na mvua na ugonjwa wa bakajani, na bila dawa hatapata kitu. Aidha, tangu mwaka 2014 nchi yetu imeingiliwa na mdudu aitwaye kantangaze, aliyetokea Amerika ya Kusini, ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe, kisha huingia kwenye tunda. Nilipoteza mashina yangu yote mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilipanda mashina sita tu, mbali na pale pa awali, nikayakagua kila asubuhi, na kila jani lililochimbwa nililikata na kulifungia katika mfuko wa plastiki, nikauanika juani mpaka viwavi vife. Nilivuna, lakini sikuvuna kama zamani. Ukilazimika kupiga dawa, soma kwenye chupa ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma, nawe uzihesabu kweli.

Wapangaji wa chumba kimoja wameniambia mara nyingi kuwa wao hawana uani. Gunia wanalo. Mmoja wao hapa mtaani kwetu, fundi cherehani, alilijaza gunia la mahindi udongo uliochanganywa na samadi, akasimamisha katikati nguzo ya kokoto kuanzia chini mpaka juu ili maji yashuke sawasawa, akatoboa matundu ubavuni na kupachika miche ya sukuma wiki. Gunia lile husimama kando ya mlango wake. Akihama, alisema, atahama nalo. Sijui atalibeba vipi.

Kuku nao wataka mpango. Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa mabua ya mahindi, na jogoo wa jirani aliupita kama asiyeuona. Nilipoweka fito za mianzi zilizosongamana, tuliamkiana tena na jirani yangu kama zamani.

Mboga ikifika jikoni, kazi bado. Ioshwe kwanza, ikatwe baadaye, ipikwe kwa muda mfupi, na isikamuliwe maji yake yakamwagwa. Itiwe karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, kwani vitamini A iliyomo kwenye majani mabichi ya kijani haiingii vyema mwilini pasipo mafuta. Mtoto aliyetimiza miezi sita apondewe mpaka iwe laini, ichanganywe na ugali wake au viazi, na dagaa waliosagwa wakipatikana waongezwe. Akina mama wanalijua hili kuliko mimi. Nawaandikia akina baba wenzangu, tuliozoea kutengewa mchuzi wa mbele na kuacha wa mwisho kwa watoto.

Mwaka wa pili matuta yalitoa kuliko tulivyoweza kula, na mke wangu akaanza kuwauzia majirani mafungu mawili matatu kila jioni. Baada ya mwezi mmoja nikauliza, kwa sauti ya mwenye nyumba, fedha ziko wapi. Akanionyesha trei ya mayai juu ya kabati. Sikuuliza tena.

Mjukuu wetu sasa anakaribia miaka mitano. Mstari wa kadi yake ulianza kupanda polepole miezi michache baada ya tuta la kwanza, tukafurahi, lakini bado ni mfupi kuliko wenzake wa darasa la awali, na muuguzi alitueleza wazi kuwa kimo kinachopotea kabla ya miaka miwili hakirudi chote. Mdogo wake alizaliwa mwezi Machi. Tangu ameanza kula, dada yake ndiye anayetumwa bustanini jioni na kikapu kidogo, naye huchuma majani ya nje na kuacha moyo, kama alivyoonyeshwa.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutatazama namna ya kukausha mboga kivulini.