Vileja vya Idd si sadaka, lipeni

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, Jomvu Kuu hunukia iliki na samli mpaka barabarani. Ni vileja hivyo. Vijana tunavila, tunaviweka status, halafu ikifika saa ya kulipa tunaanza: "Lakini mama, si unga wa mchele tu huu?"

Si unga tu. Samli hupigwa na sukari ya aisingi hadi iwe nyeupe, mkono ukifa ganzi. Unga ukizidi kidogo, kileja hupasuka. Samli ikizidi, hutandaa kama chapati. Kisha mkaa juu na chini, na macho yasibanduke, maana kikishaiva rangi ya hudhurungi, hicho si kileja tena. Wa korosho juu ndio usiseme. Zinalimwa hapo Kilifi na Kwale, lakini bei yake waijua.

Keki ya besdei tunailipia mapema bila kubishana. Mbona mama wa mtaani tumkate bei, tena amefunga, kakaa mbele ya moto mchana kutwa? Idd hii ukiagiza, tuma pesa kamili. Na kama kweli huna, nenda alasiri ukampigie hiyo samli. Beba na mkaa.