Kisanduku cha diski kinapozimika: Nani atazirudisha picha za familia?

Na Mwandishi Wetu

KATI ya Juni 23 na 24, 2021, wamiliki wa kifaa cha kuhifadhia data nyumbani kiitwacho My Book Live, kilichotengenezwa na kampuni ya Marekani ya Western Digital, walikuta picha, video na nyaraka zao za miaka mingi zimetoweka.

Kifaa hakikuungua, hakikuanguka wala hakikuibwa. Kiliwaka kama kawaida. Wapo waliokuta mafolda yao yapo palepale, lakini ndani yake hamna kitu.

Uchunguzi ulibaini kuwa wadukuzi walitumia kasoro za programu ya kifaa hicho kukiingilia kupitia intaneti na kukiamuru kijirudishe katika hali ya kiwandani. Moja ya kasoro hizo ilikuwa imefahamika tangu mwaka 2018. Nyingine inashangaza zaidi: mistari ya programu iliyopaswa kudai neno la siri kabla ya amri hiyo kutekelezwa ilikuwa imezimwa na watengenezaji wenyewe. Kampuni ilieleza baadaye kwamba hali hiyo ilitokana na marekebisho yaliyofanywa Aprili 2011. Maboresho ya mwisho ya programu hiyo yalikuwa yametolewa mwaka 2015.

Western Digital iliahidi huduma ya kurejesha data kwa walioathirika kuanzia Julai mwaka huohuo. Lakini hata kabla ya ahadi hiyo, baadhi yao walikwishaanza kujiokoa wenyewe, na namna walivyofanya inastahili kutazamwa.

Kifaa kinaporudishwa katika hali ya kiwandani, mara nyingi kinachoandikwa upya ni orodha inayoonyesha kila faili liko wapi. Mafaili yenyewe hubaki juu ya diski mpaka kitu kingine kiandikwe mahali pake. Ni sawa na maktaba iliyonyang'anywa daftari la orodha huku vitabu vikibaki rafuni. Mwenye kifaa aliyekizima mapema aliweza kutumia programu ya bure kama PhotoRec, ambayo husoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo picha huanza nazo. Picha zilirudi bila majina wala folda, harusi ikichanganyika na risiti za umeme. Hata hivyo zilirudi. Aliyekiacha kikiendelea kuwaka na kuandika mambo mapya, nafasi yake ilipungua kila saa iliyopita.

Kisa hicho kilikuwa cha uvamizi. Kifo kilichozoeleka zaidi cha vifaa vya namna hii hakina mdukuzi ndani yake, na kinawapata hata waliojiona wamejilinda kwa kununua kisanduku chenye diski mbili, nne au zaidi.

Visanduku hivyo, ambavyo wenye navyo huviita NAS, huunganishwa na mtandao wa nyumba au ofisi ndogo ili kila mwenye ruhusa aweke na kuchukua mafaili. Wapiga picha za harusi, studio za muziki na ofisi za mawakili ni miongoni mwa wanaovitegemea. Ndani yake diski kadhaa hufanya kazi kama moja, kwa utaratibu ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliuita RAID, na jina hilo limedumu hadi leo.

Mfano wa darasani unatosha kuueleza. Diski ya kwanza imebeba namba 5, ya pili 7, na ya tatu imebeba jumla yake, yaani 12. Ikifa ya pili, 12 ukitoa 5 unaipata 7 iliyopotea. Hesabu halisi ni ya namna nyingine kidogo, lakini mantiki ni hiyohiyo. Sasa ikifa na ya kwanza kabla ya ile ya pili kurejeshwa, 12 iliyobaki peke yake haiwezi kusema kama zilikuwa 5 na 7 au 4 na 8.

Kwa hiyo utaratibu huu uliwekwa ili kazi isisimame pindi diski moja inapokufa. Haukuwekwa ili kumkinga mtu na kila msiba. Ukifuta faili kwa makosa, kundi zima la diski hulifuta kwa uaminifu uleule. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba diski zote. Matangazo ya biashara yanaposisitiza neno "usalama" pembeni ya picha ya mtoto anayecheka, huwa hayafiki huko.

Hatari kubwa zaidi huja pale mwenye kifaa anapodhani kwamba mambo yamekwisha. Diski moja imekufa, taa nyekundu imewaka, amenunua nyingine na kuichomeka. Kisanduku huanza kujijenga upya, na ili kifanye hivyo hulazimika kuzisoma diski zote zilizosalia, mwanzo hadi mwisho. Diski hizo aghalabu zilinunuliwa siku moja katika duka moja na zimezunguka saa zilezile. Ndizo zinazopewa kazi ngumu kuliko zote siku ambayo mwenzao amekufa kwa uzee.

Utafiti wa Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliochapishwa mwaka 2007 baada ya kutazama takribani diski 100,000 katika mitambo mikubwa, ulionyesha kuwa kubadilishwa kwa asilimia 2 hadi 4 ya diski kwa mwaka lilikuwa jambo la kawaida, ilhali karatasi za watengenezaji ziliashiria chini ya asilimia 1. Ulionyesha pia kwamba vifo vya diski haviji kimoja kimoja bila uhusiano.

Mwaka 2020 ilidhihirika kuwa mnunuzi anaweza kuongezewa hatari hiyo bila kuambiwa. Aprili mwaka huo Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa mahususi kwa visanduku vya NAS, zilitumia teknolojia ambayo njia za kuandikia hupandana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae kimoja, sharti uinue na vya jirani. Kwa matumizi mepesi mtu haoni tofauti. Wakati wa kujijenga upya tofauti ni kubwa: jaribio lililochapishwa na tovuti ya ServeTheHome Mei 2020 lilionyesha diski moja ya namna hiyo ikichukua takribani siku tisa na nusu kumaliza kazi ambayo diski za teknolojia ya kawaida ziliimaliza kwa chini ya siku moja. Siku tisa za kuomba diski nyingine isife! Wateja walifungua kesi nchini Marekani, na kampuni ikazitenga diski za teknolojia ya kawaida kwa jina la Red Plus.

Je, kundi likishavunjika kabisa, data zinaweza kurudi? Mara nyingi ndiyo, iwapo mwenye kifaa hajaharibu ushahidi.

Jambo la kwanza ni kukizima na kuandika kwa kalamu namba ya nafasi ambayo kila diski ilikaa. La pili ni kutokubali kishawishi cha kubonyeza ndiyo pale kisanduku kinapouliza kama kifomati diski au kiunde kundi jipya. Jibu hilo moja limemaliza data nyingi zilizokuwa bado zinaokoleka.

Kinachofuata ni kunakili kila diski, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wake, na kufanyia kazi nakala hizo tu. Programu ya bure ya GNU ddrescue iliundwa kwa kazi hiyo. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha huyarudia maeneo yenye kasoro, ikitunza kumbukumbu ya ilipofika. Diski inayougua haipaswi kuchoshwa sehemu mbovu ilhali sehemu nzima bado hazijaokolewa. Ndiyo maana kuziburuta folda moja moja kwa kipanya ni njia mbaya, hata kama inaonekana ya haraka.

Nakala zikishapatikana, kuna habari njema ambayo wamiliki wengi hawaijui. Visanduku vingi vya nyumbani, vikiwamo vya Synology na QNAP, ndani yake hutumia Linux na programu yake ya kuunganisha diski iitwayo mdadm. Kwa hiyo kisanduku chenyewe kikifa na diski zikabaki nzima, si lazima data zife nacho. Fundi anayeifahamu Linux anaweza kuziunganisha diski hizo kwenye kompyuta ya kawaida na kuzisoma.

Hapo ndipo fundi mzuri anapotambulika. Kila diski ya kundi huandikwa ndani yake hesabu ya matukio. Iliyotoka kundini mapema hubaki na hesabu ndogo, kama saa iliyosimama. Hutokea diski moja ikajitoa miezi sita iliyopita bila mtu kuona onyo, kisanduku kikaendelea na zilizobaki, kisha ya pili ikafa na kila kitu kikasimama. Katika hali hiyo diski ya kuihangaikia ni hii iliyokufa juzi, kwa sababu ndiyo yenye habari za karibuni. Anayeiingiza ile ya miezi sita kwa kuwa inawaka vizuri, akaamuru kundi lijisawazishe, huchanganya habari za nyakati mbili na kuandika mchanganyiko huo juu ya diski zote.

Diski inayotoa mlio wa kugonga ni suala jingine. Vichwa vyake vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe ya vumbi ni mlima kwake. Haifunguliwi mezani, na ushauri wa kuiweka kwenye friji, unaozunguka miaka mingi sasa, haufai. Huzimwa na kupelekwa kwenye maabara yenye chumba safi, ambako gharama huanzia mamia ya dola na kufika maelfu. Ni bei ambayo familia nyingi haziimudu, na kwa hiyo uamuzi unageuka kuwa ni picha za nani zenye thamani hiyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki lipo la ziada, nalo ni umeme. Kenya ilikumbwa na giza Agosti 25, 2023, na Tanzania Aprili 1, 2024, gridi za taifa zilipopata hitilafu. Umeme ukikatika wakati kundi la diski linaandika, inawezekana data zikawa zimeandikwa na jumla yake bado, zikaacha kukubaliana. Betri ndogo ya akiba inayokipa kisanduku dakika chache za kujizima kwa utaratibu ni nafuu mno ikilinganishwa na chumba safi.

Lakini kinga ya kweli ni nakala ya pili iliyo mahali pengine, isiyounganishwa muda wote na kisanduku. Hata serikali zimeteleza hapa. Septemba 26, 2025, moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma iitwayo G-Drive, yenye terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya kituo. Sababu iliyotolewa ni kwamba data zilikuwa nyingi mno. Mwenye terabaiti mbili nyumbani hawezi kujitetea hivyo, maana zinaenea katika diski moja ya nje inayoweza kukaa kabatini kwa ndugu.

Kuhusu watengenezaji, sheria zimeanza kubadilika, japo mbali na hapa. Nchini Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, anayeuza kifaa cha kuunganishwa na intaneti analazimika kutaja kitapata maboresho ya usalama kwa muda gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 inataka muda huo usipungue miaka mitano, isipokuwa kwa vifaa ambavyo maisha yake ni mafupi kuliko hapo. Masharti yake makuu yanaanza kutumika Desemba 11, 2027. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeuziwa kisanduku kilichokwishatumika hana budi kutafuta tarehe hiyo mwenyewe, kwa jina na namba ya toleo, kabla hajatoa fedha.