Mahamri ya Kakamega na tangazo lisilosema kitu

Juma lililopita nilikuwa Kakamega kwa binti ya ndugu yangu. Aliolewa huko, na sasa ana kimkahawa karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Asubuhi auza mahamri na mbaazi za nazi, mchana pilau, jioni viazi karai. Chakula kitamu, wallahi. Lakini saa nne nilikuta bakuli la mahamri bado limejaa, na kodi ya chumba inangojewa tarehe tano.

"Ami, watu wanalisoma tangazo langu lakini hawaji," akaniambia, akanipa simu nisome.

Lilikuwa hivi: "Je, unatafuta ladha isiyo na kifani? Usitafute tena! Tunakuletea huduma bora zenye viwango vya kimataifa kwa wateja wetu wapendwa. Bei njoo inboksi."

Nikamuuliza kaandika nani. Akacheka. Ni programu ya akili bandia kwenye simu, mwanawe ndiye aliyemfunza kuitumia.

Sina ugomvi na programu. Ugomvi wangu ni kwamba tangazo lile lingeweza kuwa la saluni, la fundi simu au la kampuni ya bima. Mahamri hayamo. Mahali hapamo, saa haimo, bei haimo. Wala si lake pekee. Pita stendi ya Kakamega usome mabango, kisha urudi hapa kwetu usome ya Kongowea: kote ni "bidhaa bora kwa bei nafuu". Kwani kuna muuzaji atakayeandika kwamba yeye auza bidhaa mbovu kwa bei ghali?

Zamani kutangaza kulikuwa na gharama. Ulilipia redio, au ulimlipa fundi wa kuchora bango, na kwa hivyo ulipima maneno. Siku hizi WhatsApp na Facebook ni bure, kila mtu anapiga kelele, na msomaji amejifunza kupitisha kidole bila kusoma. Anayesimama ni yule aliyeona kitu kinachomhusu.

Hili la "bei inboksi" ndilo linaloniudhi zaidi. Wafanyabiashara wana sababu zao: wengine wanaogopa jirani atapunguza shilingi kumi, wengine, tuseme ukweli, wanataka kumtazama mteja usoni kwanza ndipo wataje bei. Lakini mwanafunzi mwenye shilingi mia mfukoni haulizi. Anaona haya kuuliza halafu asinunue, basi anakwenda kwa mama wa mandazi ambaye bei yake anaijua. Tena Katiba, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Bei kama si habari ya kwanza, ni ipi?

Kosa jingine lilikuwa la mahali. Alikuwa akiandika kama yuko Majengo. Mtu wa Mombasa ukimwambia mbaazi na mahamri, mate yamemjaa. Mtu wa Lurambi aliyelelewa kwa chai na viazi vitamu huenda asielewe mbaazi zinaingiaje kwenye chai ya asubuhi. Wateja wake wawili walikuwa wamemuuliza kama ni mboga ya ugali! Lile swali ndilo lilikuwa tangazo lenyewe, lakini hakulisikia.

Tukakaa, tukaandika upya:

"Mahamri moto na mbaazi za nazi, chakula cha asubuhi cha Mombasa. Mahamri 4 na bakuli Sh80. Saa 12 hadi 4 asubuhi, mkabala na geti kuu la chuo."

Akasema limekauka. Nikamwambia atazame leso aliyojifunga. Jina la leso lina maneno machache, na kila anayelisoma anajua limemlenga nani. Watu wa Kaderdina Hajee Essak, walioanza biashara hapa Mombasa mwaka 1887, walitia "Mali ya Abdulla" kwenye leso zao, na jina hilo likatosha kumwambia mama anunue ipi.

Ufupi una faida ya pesa pia. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, pamoja na nafasi. Ukizidi, hukatwa vipande na unalipia kila kipande. Na ukitia hata kikatuni kimoja cha moyo au cha moto, nafasi inashuka hadi herufi 70. Yeye alikuwa ametia mioyo mitatu.

Kisha akatoa daftari. Alikuwa amenakili nambari za kila aliyemlipa kwa M-Pesa, awatumie wote. Hapo nikamzuia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kwanza kabla hujatumia nambari yake kumtangazia biashara, na awe na njia ya kukwambia usimtumie tena. Kulipia pilau si kukubali matangazo. Na picha za wateja wakila, ambazo alikuwa nazo tele, ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 klabu moja ya burudani Nairobi ilitozwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mkahawa wa mahamri ungefungwa kabla ya kulipa robo yake.

Alitaka pia kuandika "bei ya kawaida Sh120, sasa Sh80". Hajawahi kuuza kwa Sh120. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi inakataza maelezo ya kupotosha, na hata isingekuwapo, sisi tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini ni maji. Akanyamaza kidogo, akaifuta.

Sasa ameweka karatasi kaunta, anayetaka kupata habari anaandika nambari yake mwenyewe. Nilipoondoka ilikuwa na majina kumi na moja. Jumamosi alinipigia: mahamri yaliisha kabla ya saa tatu, mbaazi zilibaki nusu sufuria, na nazi zinazokuja kwa basi kutoka Mombasa zimepanda bei tena. Aliniuliza kama aandike Sh90 au apunguze bakuli. Nimemwambia aandike Sh90, na aseme ni kwa sababu ya nazi.