Jina la Uwanja wa Umma Lisiuzwe Ovyo

Uwanja uliojengwa kwa kodi ya wananchi ni mali yao pamoja na jina lake. Nalisema hili kwa kuwa makampuni yamezoea kununua majina ya viwanja na majengo makubwa, nao wakubwa wetu wakiona fedha huharakisha kutia saini.

Wakenya wanayakumbuka ya mwaka 2009. Coca-Cola ilikubali kutoa zaidi ya shilingi milioni 100 ili Uwanja wa Taifa wa Nyayo, Nairobi, ubebe jina lake kwa miaka mitatu. Serikali ikataka Nyayo libaki ndani ya jina jipya, kampuni ikajitoa. Wapo waliosikitikia fedha hizo. Mimi naona serikali ilitenda haki, maana kampuni huja na kuondoka, na wananchi ndio wanaobaki na uwanja wao.

Tazameni yaliyowapata wenzetu wa Marekani. Mwaka 2000 uwanja wa besiboli wa Houston ulifunguliwa ukiitwa Enron Field, kwa mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola milioni 100. Desemba 2001 kampuni ya Enron ikafilisika kwa aibu ya mahesabu ya uongo, na timu ya Astros ikalazimika kulipa dola milioni 2.1 ili iondokane na jina hilo. Miami nao hawakupata funzo: mwaka 2021 ukumbi wao wa mpira wa kikapu ulipewa jina la kampuni ya FTX kwa miaka 19. Mwaka uliofuata FTX ikaanguka, na kaunti yenye ukumbi ikabidi iende mahakamani kulivua jina.

Najua nyasi, taa na vyoo vya uwanja vyahitaji fedha, wala siukatai udhamini. Kampuni na ipewe mabango, jukwaa, hata jina la mashindano. Ikibidi jina lake liingie katika uwanja, jina la asili litangulie, muda uwe mfupi, fedha zitumike uwanjani humo humo, na mkataba uvunjike bila gharama kampuni ikichafuka.

Enyi viongozi, chapisheni mikataba hiyo magazetini kabla ya kuisaini. Nanyi wananchi, isomeni, mhoji, na mkiona hasara, ikataeni mapema. Wino ukishakauka, kuliondoa jina kwaweza kuwagharimu ninyi wenyewe.